Taa ya Ndani ya Gari Kongwe: Itazame Njia ya Kurudi

Katika taa zote za gari, ya ndani ndiyo ndogo na ndiyo inayopuuzwa. Taa za mbele zikizima, mwenye gari hana budi kwenda gereji siku hiyo hiyo, kwani polisi hamwachii. Taa ya breki ikizima, atagongwa kwa nyuma. Lakini ile iliyo juu ya vichwa vya abiria ikizima, watu hucheka, wakatoa tochi, au siku hizi simu, na safari ikaendelea. Mwaka unapita, wa pili unaingia, taa imekufa na hapana aliyeililia.

Hata hivyo taa hii ina kazi yake. Ndiyo inayomwonyesha mama mtu mzima pa kukanyaga anaposhuka usiku akitoka harusini. Ndiyo inayomulika uso wa mgonjwa anapokimbizwa hospitali, nduguze wakajua kama angali na fahamu. Dereva wa teksi huhesabia chenji kwa mwanga wake, na abiria akatazama kama hakuacha kitu kitini. Gari lisilo na taa ndani ni mfano wa nyumba isiyo na taa ukumbini: nyumba ni nzima, lakini mgeni hujikwaa.

Nimeona niandike habari zake katika ukurasa huu kwa kuwa magari makongwe bado yapo katika miji yetu ya pwani, na mengi ni urithi wa wazee waliotangulia mbele ya haki. Tena maradhi ya taa hii nimeyaona yakitibiwa kwa dawa ghali yasizostahili. Watu wamebadilishiwa nyaya za gari zima. Wengine wameuziwa betri juu ya betri. Wengine wamekata tamaa wakaliuza gari la marehemu baba kwa bei ya chuma chakavu. Na chanzo cha yote hayo, ukikichimba, aghalabu ni kutu au rangi isiyozidi upana wa shilingi moja.

ARDHI ISIYO ARDHI

Kwanza tulielewe neno. Umeme wa gari hutoka katika betri, ukapita katika waya mpaka kwenye taa, ukafanya kazi yake, kisha ni lazima urudi ulikotoka. Usiporudi, hauendi. Maji ya mfereji huweza kumwagika yakapotea, lakini umeme haumwagiki. Ukikata njia ya kurudi, umeukata pia ule wa kwenda, ijapokuwa waya wa kwenda ni mzima na betri imejaa.

Waliounda magari walitazama wakaona kwamba bodi yenyewe ni chuma, na chuma hupitisha umeme. Kwa nini basi kila taa ipewe nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, hali chuma kimelizunguka gari lote? Wakaweka waya mmoja wa kwenda, na kurudi wakaifanya bodi kuwa ndiyo njia. Kichwa kimoja cha betri kikafungwa kwenye bodi kwa waya mnene. Hivyo waya wa maili nzima uliepukwa, uzito ukapungua, na gharama ikapungua.

Njia hii ya kurudi Waingereza waliipa jina la ardhi. Wafaransa na Wajerumani huiita kwa neno lenye maana ya kitu kizito kilichokusanyika, na kwa kweli wao wamelenga zaidi. Kwani gari halifungwi na ardhi tunayoikanyaga. Limesimama juu ya magurudumu manne ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Ardhi ya gari ni bodi yake tu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akisema taa yake haiwaki kwa kuwa gari liko juu ya sakafu ya saruji. Hapana. Ligari hilo lining'inize hewani kwa mnyororo, na taa yake itawaka ikiwa njia zake ni nzima.

Sasa fikiria bodi hiyo ina umri wa miaka 40 au 50. Si kipande kimoja cha chuma. Ni mabati mengi yaliyochomelewa, yaliyofungwa kwa skrubu na nati, yakapakwa rangi, yakagongwa, yakazibwa, yakapakwa rangi tena. Kila pale chuma kinapokutana na chuma ni kivuko, na kivuko huweza kuvunjika.

CHUMVI NA SHABA

Wenzetu wa bara wana vumbi, sisi tuna chumvi. Upepo wa bahari haubagui, unaingia Mombasa, Malindi na Kilifi, unapenya katika uwazi wa milango na chini ya zulia la gari. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, na maji yenye chumvi hufanya jambo baya zaidi ya kutia kutu ya kawaida. Pale waya wa shaba au kifungio cha shaba nyeupe kinapogusana na bodi ya chuma, na kati yao pana unyevu wa chumvi, pale huwa pamezaliwa kijibetri kidogo. Chuma huliwa, na mahali pake hubaki unga mwekundu. Unga huo haupitishi umeme sawasawa.

Ubaya wa unga huu ni kuwa hauonekani. Skrubu ukiitazama kwa juu imekazwa, imetulia, huenda hata inang'aa. Ukiifungua ndipo unapoona chini yake kama kahawa iliyosagwa. Fundi asiyefungua skrubu atakuapia kuwa ardhi ni nzima, naye hadanganyi; amesema alichokiona.

Wala si lazima kutu iikate njia kabisa. Yatosha kuibana. Globu ya ndani ya magari mengi hunywa wati 5 au 10. Globu ya wati 10 kwa betri ya volti 12 hupitisha umeme usiofika ampea moja. Kutu ikizuia volti 3 tu, globu ikabakiwa na volti 9, mtu hudhani mwanga utapungua kwa robo. Sivyo. Mwanga wa globu ya uzi hushuka kwa kasi kuliko volti, na kwa volti 9 itabaki na theluthi moja na kitu kidogo. Ndiyo maana taa yenye ardhi mbovu huwa na rangi ya njano iliyofifia, kama kibatari kinachokaribia kuisha mafuta. Na yale magari ya zamani ya volti 6, kama Volkswagen za umbo la kobe zilizoundwa kabla ya kuhamia volti 12 katika miaka ya 1960, hudhurika maradufu, kwani volti moja iliyopotea kwao ni sehemu ya sita ya mali yote.

SWICHI YA MLANGONI

Taa ya ndani ina ajabu yake inayowachanganya wengi. Swichi tuliyoizoea nyumbani hukaa upande wa moto: ukiizima, moto haufiki katika taa. Lakini katika magari mengi makongwe, waya wa moto hufika kwenye taa ya ndani wakati wote, usiku na mchana, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kinachokatwa na kuunganishwa ni ile njia ya kurudi.

Kazi hiyo hufanywa na kijiswichi kilicho katika nguzo ya mlango, chenye kidole kinachochomoza. Mlango ukifungwa, unakisukuma kidole ndani na njia hukatika. Mlango ukifunguliwa, kidole hutoka, waya ukagusana na bodi, taa ikawaka. Na swichi hiyo aghalabu haina waya wa pili. Bati lake lenyewe, au skrubu inayoishikilia, ndiyo ardhi yake. Yaani usalama wa taa nzima umewekwa juu ya skrubu moja, katika pembe ya mlango, pale pale maji ya mvua yanapotiririkia.

Ukilijua hili, umejua nusu ya elimu. Taa nyingi huwa pia na kigeuzo chake chenyewe, cha kuiwasha mlango ukiwa umefungwa. Kigeuzo hicho mara nyingi hurudisha umeme kwa njia nyingine, hakipiti mlangoni. Kwa hiyo taa ina njia mbili za kurudi, na kwa kuzilinganisha hizo mbili utajua ni ipi iliyokufa.

GARI LILILOTAKA KUUZWA

Haina miaka mingi, jirani yetu mmoja wa Mji wa Kale alikuwa na gari la Kijerumani la miaka ya 1970, alilorithi kwa nduguye. Gari hilo lilikuwa kama mali ya mtaa. Bwana harusi huendewa nalo, na usiku mtu akizidiwa, hodi hugongwa kwa mzee huyo. Hakuwa akitoza kitu.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani alilipaka rangi upya, likapendeza. Tangu siku hiyo taa ya ndani haikuwaka mlango ukifunguliwa. Akalipeleka gereji moja mjini, akaambiwa kuwa nyaya zote zimeoza, dawa ni kuzing'oa na kutia mpya, na akatajiwa bei inayokaribia bei ya gari lenyewe. Mzee akarudi nalo hivyo hivyo. Usiku mmoja wa mfungo akawa anamrudisha bibi mmoja jirani kutoka hospitali. Njia ilikuwa giza, ndani ya gari giza. Bibi alinyoosha mguu akidhani amefikia kizingiti, kumbe bado, akaanguka, akavunjika kiganja cha mkono.

Watoto wa mzee wakasema, gari hili sasa ni shari, liuzwe. Mzee akaja barazani kwetu, hakulia, lakini sauti yake haikuwa mbali na kilio. Alikuwapo pale kijana fundi wa umeme wa magari, mtoto wa mtaa. Akamwambia, "Ami, tusiuze kitu kabla hatujakijua. Niletee kesho baada ya Alasiri."

Siku ya pili tulikuwapo sote, na mimi na daftari langu. Kijana hakuja na nyaya mpya. Alikuja na bisibisi, kipande cha msasa na taa ndogo ya kupimia.

Jambo la kwanza alikisukuma kigeuzo cha ile taa ya ndani. Ikawaka. "Mmeona?" akasema. "Moto unafika, fyuzi nzima, globu nzima. Basi nyaya zilizooza ni zipi?"

La pili, akaifungua swichi ya mlangoni, akaivuta nje na waya wake. Akauchomoa waya, akaugusisha na chuma kitupu cha bawaba ya mlango. Taa ikawaka. Maana yake waya utokao kwenye taa mpaka nguzoni ni mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

La tatu, akaurudisha waya katika swichi, akalishika bati la swichi na kuliegemeza kwenye chuma kile kile, kidole kikiwa nje. Ikawaka. Swichi pia nzima.

"Sasa hakikubaki ila kikao chake," akasema. Akatuonyesha tundu la swichi katika nguzo. Mpaka rangi alikuwa amepaka vizuri mno. Rangi iliingia mpaka ndani ya tundu na mpaka ndani ya kijitundu cha skrubu. Rangi haipitishi umeme. Swichi ilikuwa imekaa juu ya rangi kama mtu aliyevaa glavu. Kijana akakwangua mviringo mdogo mpaka chuma kikaonekana cheupe, akakaza skrubu, akafungua mlango, na ukumbi wa gari ukajaa nuru. Akahamia mlango wa pili, habari ikawa ile ile. Kazi yote iliisha kabla ya adhana ya Magharibi.

Gari halikuuzwa. Lakini kiganja cha yule bibi kilipoa kimepinda kidogo, na hakikunyooka tena. Kwa sababu hiyo mimi siiti taa ya ndani ya gari kuwa ni pambo.

KUPIMA HARUFI KWA HARUFI

Tulipokuwa chuoni, maalim hakutukubalia kulisoma neno kwa kulikisia. Ukitaja neno zima na hukulihijiki, fimbo i karibu. Kupima umeme ni vivyo hivyo. Anayekisia hubadilisha kitu kimoja baada ya kingine mpaka abahatike, na gharama ni ya mwenye gari. Anayehijiki huanza mwanzo akafuata njia.

Dalili zenyewe husema. Taa ikikataa kwa mlango lakini ikawaka kwa kigeuzo chake, tazama swichi ya mlango na kikao chake, kama ilivyokuwa kwa gari la mzee wetu. Ikiwaka kwa mlango mmoja na kukataa kwa mwingine, usiiguse taa. Ubovu uko kwenye mlango unaokataa. Ikikataa kwa njia zote, anza na globu, kisha fyuzi, kisha waya wa moto. Ikififia, shuku kutu katika ardhi, au katika zile ndimi mbili za shaba zinazoishika globu. Ikicheza gari linapopita mashimoni, skrubu imelegea. Na ukiona ukikanyaga breki ndipo taa ya ndani inang'aa kidogo au inabadilika, jua kuwa taa mbili zinagombania ardhi moja mbovu, na umeme umekosa njia yake ukapitia kwa jirani.

Chombo cha kupimia si ghali. Globu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili yatosha. Katika gari ambalo hasi ya betri imefungwa kwenye bodi, funga waya mmoja wa globu hiyo kwenye kichwa cha chanya, na wa pili uguse pale unapopashuku. Ikiwaka kwa nguvu, hiyo ni ardhi nzuri. Ikififia au isiwake, umekamata. Aliye na mita atafanya bora zaidi: taa ya ndani iwe imewashwa, mguu mmoja wa mita uwe kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye skrubu ya ardhi ya taa. Njia ikiwa safi, mita haitavuka sehemu mbili za kumi za volti moja. Ikisoma volti 2 au 3, basi volti hizo ndizo zinazoliwa na kutu.

Rangi za nyaya nazo ni maandishi kwa ajuaye kuzisoma. Katika magari ya Kijerumani, waya wa kahawia ni wa ardhi, na mwekundu ni wa moto wa kudumu. Katika magari ya Kiingereza ya zamani, mweusi ndio wa ardhi. Wa zambarau huchukua moto wa kudumu uliopita katika fyuzi, na wa zambarau wenye mstari mweupe huenda kwenye taa za ndani na swichi za milango. Lakini kwa gari lililopita katika mikono mingi, usiamini rangi kabla ya kupima, kwani fundi aliyetangulia huenda alitia waya alioupata.

Hapa nitoe onyo. Yule kijana aliugusisha waya wa mlangoni na bodi, na hapakutokea cheche, kwa sababu umeme wake ulikuwa umeshapita katika globu. Waya wa moto wenyewe, ambao haujapita katika globu, ukiugusisha na bodi utaunguza fyuzi. Na kama mtu ameondoa fyuzi akatia msumari au karatasi ya fedha ya sigara, utaunguza waya, na waya utaunguza kitambaa cha paa. Volti 12 hazimtetemeshi mtu, lakini huweza kuteketeza gari. Fyuzi ni bawabu. Bawabu akikuzuilia mlango mara mbili tatu, usimuue; uliza ni nani anayegonga.

CHANYA JUU YA BODI

Lipo jambo jingine la kuangaliwa na wenye magari ya Kiingereza ya hadi miaka ya 1960, kama Morris Minor, iliyoundwa kutoka mwaka 1948 hadi 1971. Mengi katika hayo yalitoka kiwandani chanya ya betri ikiwa ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, sio hasi. Globu ya uzi haijali, huwaka umeme ukija huku au kule. Lakini vijitaa vya siku hizi vya LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Mtu huchukua LED mpya, akaitia katika Morris yake, isiwake, akalaumu ardhi, akaanza kuchimbua nyaya bure. Pengine alichohitaji ni kuigeuza tu, kichwa kiwe miguu. Kwa hiyo kabla ya kupima lolote, funua boneti utazame ni kichwa kipi cha betri kilichofungwa kwenye bodi. Na kile kipimo nilichokitaja cha taa ya majaribio, kigeuze vilevile.

Waingereza wenyewe wana mzaha mkongwe juu ya Lucas, kampuni iliyotengeneza vyombo vya umeme vya magari yao mengi: humwita Mkuu wa Giza. Huenda mzaha una sehemu yake ya haki. Lakini katika gari lenye umri wa nusu karne, lililolala nje masika baada ya masika, kutu na skrubu zilizolegea zinatosha kuleta giza bila msaada wa aliyeunda.

TAA ISIYOZIMA

Upo ugonjwa wa pili, kinyume cha wa kwanza: ardhi isipotakiwa kuwapo, ipo. Waya wa swichi ya mlango ukichubuka ukagusa bodi, taa huwaka hata milango ikifungwa. Kadhalika kidole cha swichi kikiganda kwa kutu, au mpira wa mlango ukiliwa na mlango usikifikie. Ikiwa ni taa ya juu, utaiona usiku. Ikiwa ni ile ya buti au ya kijisanduku cha mbele, nani atakayeiona hali imefungiwa?

Fanya hesabu. Taa ya wati 10 ya buti, gari likiegeshwa Ijumaa jioni na kuamshwa Jumatatu asubuhi, itakunywa kama ampea-saa 50. Betri ya kawaida ya gari dogo haina zaidi sana ya 60. Gari haliwaki. Mwenyewe hununua betri, na baada ya juma mbili hadithi huwa ile ile. Dereva wa teksi niliyekuwa nikipanda naye alinunua betri mbili kwa mtindo huo, akawakosa abiria wake wa Alfajiri, na nyumbani watoto wakakosa. Mwizi wake alikuwa kidole cha swichi ya buti. Kukijua ni rahisi: fungua buti kidogo baada ya kuliacha gari usiku kucha, uguse globu haraka. Ikiwa ya moto, haikulala.

KUTENGENEZA KWA UAMINIFU

Dawa yenyewe ina utaratibu. Kwanza fungua waya wa betri uliofungwa kwenye bodi. Toa skrubu, sugua chini yake na pembeni mpaka chuma king'ae, sugua na kifungio cha waya. Tia washa yenye meno, kwani meno hung'ata chuma. Kaza. Ndipo, baada ya kukaza, upake grisi au vaselini juu yake, unyevu usipate pa kuingilia. Ndimi za globu zisugue taratibu, kisha zikunje kidogo ndani zishike. Usisahau ule waya mnene wa betri na mkanda unaounganisha injini na bodi: hao ndio wazee wa njia zote za kurudi, na wakiharibika taa zote hufifia pamoja.

Msasa unaofanyia kazi hiyo una nasaba kwetu. Kabla ya karatasi za dukani, mafundi wa pwani walisugulia mbao kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi ilipokuja ikarithi jina la mti. Gari ni neno tulilolipata Bara Hindi, parafujo ni la Wareno, ardhi ni la Waarabu, fyuzi ni la Waingereza, na umeme ni wetu wenyewe, wa mawinguni. Fundi akisema, "Parafujo ya ardhi imeingia kutu, nipe msasa," amewataja mataifa yote waliotia nanga hapa, na taa ikawaka.

Yule kijana aliniomba nimfungie beti moja awasomeshee wanagenzi wake, nami nikamfungia:

Taa ikikuzimia, sianze kwa kubadili,
Globu kwanza angalia, na fyuzi uikabili,
Kutu nayo kwangulia, hadi chuma cha asili,
Umeme una safari, kwenda na kurudi kwake.

Kwa mwenye gari nina neno moja tu. Ukiambiwa nyaya zote zimeoza, usikatae wala usikubali. Muulize fundi kwa adabu amepima wapi na ameona nini, umwombe akuonyeshe mbele ya macho yako taa ikikataa hapa na ikiwaka pale. Fundi mwaminifu hatachukia, kwani amana ni kazi yake. Akichukia, funga mlango taratibu, ondoka na gari lako, nunua msasa.